Mafua ya Sungura: Jinsi ya Kuyatambua

Mkulima, usimdharau sungura apigaye chafya. Vumbi la majani makavu laweza kumpigisha chafya mara moja au mbili, kisha zikakoma. Lakini mafua yaletwayo na vijidudu viitwavyo Pasteurella huenea upesi katika banda.

Kila asubuhi mtazame kila mmoja hivi:

1. Pua. Je, yatoka makamasi meupe au ya manjano?

2. Miguu ya mbele. Sungura hujifuta pua kwa miguu hiyo. Manyoya ya upande wa ndani yakiwa yamegandamana, mshuku, hata kama pua ni safi.

3. Pumzi. Akiwa ametulia, hesabu mbavu zinavyopanda: mara 30 hadi 60 kwa dakika ni sawa. Sungura hupumua kwa pua. Ukimwona ameinua kichwa na kufungua mdomo apate hewa, yu hatarini. Mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

Mtenge mgonjwa, mlishe baada ya wenzake wote, kisha nawa mikono. Usimpe penisilini ya kumeza, yaweza kumuua. Ondoa samadi na mkojo bandani, maana harufu yake kali huumiza pua na kuukaribisha ugonjwa.