Mazoezi na Mchezo kwa Mwenye Ugonjwa wa Kutetemeka

Katika darasa letu la jioni alikuwako mzee mmoja mwenye umri wa miaka 69. Alianza kisomo akiwa hajui hata herufi moja. Baada ya mwaka mmoja aliweza kumwandikia barua mwanawe aliyeko mjini. Kisha mwandiko wake ukabadilika. Kila mstari ulianza kwa herufi nzuri, za ukubwa wa kawaida, lakini kadiri alivyoendelea ndivyo zilivyopungua. Mwisho wa mstari zilikuwa ndogo kama punje za ulezi.

Nilimwambia, "Mzee, usibane daftari. Likiisha tutapata jingine."

Akajibu taratibu, "Mwalimu, mimi sibani. Mkono ndio unaobana."

Sikumwelewa. Miezi ikapita. Mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka kila ulipotulia juu ya goti. Alipotembea aliburura miguu, na mkono ule haukupunga. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekasirika, kumbe hakuwa na hasira na mtu. Baadhi ya wanakisomo walisema ni uzee. Wengine walinong'ona kwamba ametupiwa kitu. Mimi nilinyamaza, na hilo ni kosa langu. Mzee akaona haya, akaacha kuja darasani. Mkewe ndiye aliyempeleka hospitali, na wakati huo mwaka mzima ulikuwa umepita tangu aliponiambia habari ya mkono wake.

UGONJWA HUU NI NINI?

Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Jina hilo ni la daktari wa London, James Parkinson, aliyeandika habari za ugonjwa huu mwaka 1817. Hauambukizi. Hautokani na uchawi wala laana.

Ndani ya ubongo wetu kuna chembe hai zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Bila dopamini ya kutosha, amri za ubongo hazifiki vizuri kwenye viungo. Fikiri mnyororo wa baiskeli usiotiwa mafuta: unazunguka, lakini kwa shida, na mara nyingine unakwama. Katika ugonjwa huu chembe zile hufa kidogo kidogo. Kwa kawaida mtu anapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha kufa. Ndiyo maana dalili ndogo za mwanzo, kama mwandiko kupungua, si za kupuuza.

Mpaka leo hakuna dawa ya kuuondoa kabisa. Lakini tangu miaka ya 1960 ipo dawa iitwayo levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Inasaidia sana. Shida ni kwamba wagonjwa wengi hawafiki penye dawa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa ni wagonjwa. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, wachunguzi walipita nyumba hadi nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000, ili wajue hali ilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 2006. Walipata wagonjwa 33. Wengi wao walikuwa hawajapata kuelezwa na daktari yeyote jina la kinachowasumbua.

BAISKELI YA UHOLANZI

Sasa tuje kwenye mazoezi. Zamani watu wengi walidhani mgonjwa wa namna hii akae tu, asichoke, asije akaanguka. Mawazo hayo yamebadilika.

Uholanzi ni nchi ambayo watu wake hupenda sana kupanda baiskeli. Mwaka 2010 madaktari wa mji wa Nijmegen walieleza habari za mgonjwa mmoja wa miaka 58, aliyekuwa ameugua miaka 10. Akitembea, miguu yake iliganda kana kwamba imepigiliwa misumari ardhini, akaanguka. Lakini alipowekwa juu ya baiskeli aliendesha vizuri, akapinda kona na kurudi. Aliposhuka, miguu ikaganda tena. Tunajifunza hapa kwamba nguvu za miguu hazikwisha. Kinachokwama ni ile amri ya kuanza na kuendeleza hatua.

Baadaye madaktari wa mji huohuo walifanya jaribio kubwa zaidi. Walichukua wagonjwa 130 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado haujawa mkali, wakawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza walipewa baiskeli za mazoezi nyumbani kwao. Baiskeli ya namna hii haiendi popote: mtu anakanyaga, yeye yuko palepale chumbani. Mbele yake palikuwa na kioo cha kompyuta. Humo aliona barabara na michezo ya kumtia hamu ya kukanyaga. Mapigo ya moyo wake yalipimwa, ili ijulikane kama kweli anajitahidi. Kila zoezi lilichukua dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa juma, kwa muda wa miezi 6. Kundi la pili walifanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Madaktari wana kipimo cha kutazama jinsi mgonjwa anavyokwenda, anavyotetemeka, anavyofumba na kufumbua vidole. Alama zikiongezeka, hali imezidi kuwa mbaya. Walipopimwa kabla ya kumeza dawa, kundi la kunyoosha viungo lilikuwa limeongezeka kwa wastani wa alama 5.6. Kundi la baiskeli liliongezeka kwa alama 1.3 tu. Hawakupona. Lakini waliteremka polepole zaidi kuliko wenzao, na kwa mgonjwa hilo si jambo dogo: ni kifungo anachoweza bado kukifunga mwenyewe.

KWA NINI MCHEZO?

Mtu atauliza: kama baiskeli inatosha, kompyuta ya nini? Hata mimi niliuliza hivyo, maana michezo ya kompyuta niliihesabu kuwa ya kupoteza wakati wa vijana.

Jibu ni kwamba zoezi lisilofanywa halimsaidii mtu. Dopamini haiongozi viungo peke yake. Inahusika pia na ile hamu ya kuanza jambo na furaha ya kulimaliza. Ikipungua, mgonjwa hukaa kitini toka asubuhi, na jamaa zake husema amekuwa mvivu. Sivyo. Mchezo humwekea shabaha mbele ya macho na kumjibu papo hapo: umepata, umekosa. Humhesabia. Kesho humwambia ashinde alama zake za jana.

Tena yako mambo ya macho na masikio. Mwendo wa kawaida tunaufanya bila kufikiri, na njia hiyo ndiyo iliyoharibika kwa mgonjwa huyu. Akipewa mstari wa kuuvuka, au mdundo wa kuufuata, ubongo hutumia njia nyingine. Ndiyo maana yako pia michezo ambayo mtu husimama mbele ya kioo, akipiga hatua au kunyoosha mkono, na picha ya mtu kwenye kioo inafanya kama yeye.

KIJIJINI KWETU

Kompyuta ya namna hiyo hatuna. Lakini tulipokwisha kufahamu kazi ya mchezo, tulijaribu kwa mzee wetu, baada ya daktari kukubali.

Mjukuu wake alichora mistari ya majivu uani, mmoja kila penye hatua moja kubwa. Mzee huivuka huku akihesabu kwa sauti, na mtoto hupiga debe kufuata hesabu. Kisha mzee huketi kwenye kiti kisicho na mikono, husimama, hutupa mpira wa matambara ndani ya kapu, huketi tena. Mara 10. Mpira ukiingia, alama moja. Alama huandikwa katika daftari pamoja na tarehe, na mwandishi ni mzee mwenyewe. Siku ya kwanza alipata 2. Siku aliyopata 7 alituma mtu aje kuniita.

Sisemi kwamba kapu la matambara ni sawa na baiskeli ya Uholanzi. Baiskeli ile ilimfanya mtu atwete kwa nusu saa nzima, na kapu halifanyi hivyo. Kwa hiyo mzee hutembea pia kwa haraka mpaka kisimani na kurudi, akifuatana na mjukuu. Wakiwa njiani mtoto hamsemeshi, kwa sababu mgonjwa huyu akifanya mambo mawili kwa pamoja, kutembea na kuzungumza, huanguka kwa urahisi.

Yapo mengine ya kuangalia. Uwanja uwe sawa, usiwe na mawe wala utelezi. Zoezi lifanywe wakati dawa inafanya kazi mwilini, si wakati nguvu yake imekwisha. Mwenye maradhi ya moyo aulize kwanza hospitali. Na dawa zisiachwe kwa sababu mtu ameanza mazoezi. Mgonjwa mmoja niliyemsikia alifanya hivyo, na baada ya siku chache hakuweza kugeuka kitandani.

Mzee amerudi darasani. Nimemchorea daftari lenye mistari mipana, nikamwambia kila herufi iguse mstari wa juu na wa chini. Akiitazama mistari, herufi zake hukua. Akisahau kuitazama, hurudi kuwa ulezi.

MANENO MAPYA

Dopamini: kitu kinachotengenezwa ndani ya ubongo, kinachosaidia amri kufika kwenye viungo.
Kuganda: kushindwa ghafla kuinua mguu wakati wa kutembea.
Shabaha: kitu unachokilenga.

MASWALI

1. Kwa nini herufi za mzee zilikuwa zikipungua? Mwalimu alidhani ni kwa sababu gani?
2. Mgonjwa wa Uholanzi akifanya zoezi la dakika 45 mara 3 kwa juma, ni dakika ngapi kwa juma moja?
3. Kwa nini mjukuu hamsemeshi babu yake wakiwa njiani?
4. Je, kijijini kwenu yuko mtu ambaye watu husema ni mzee tu au amerogwa, naye anatetemeka mkono akiwa ametulia? Jadilini darasani nani atakwenda kuzungumza na jamaa zake, na lini.