Kabla ya Kununua Dawa, Chunguza Kinyesi cha Kuku

Mfugaji wa Moiben anapofungua banda asubuhi, macho yake hukimbilia mayai. Afadhali aanzie chini ya fito wanapolala kuku. Kinyesi cha usiku mmoja kinaweza kumwonyesha kwamba kuna tatizo wakati angali ana nafasi ya kuokoa kundi, na kwa familia nyingi za Tembelio, Sergoit na Karuna, kundi hilo ndilo karo ya watoto.

Lazima kwanza ajue kinyesi cha kuku mwenye afya. Huwa cha kahawia au kijivu, kimeshikana, na juu yake kuna kofia nyeupe. Weupe huo ni mkojo. Kuku hana kibofu, hivyo uchafu wa figo hutoka pamoja na kinyesi, kama ilivyo kwa nyoka na mjusi. Mara kadhaa kwa siku pia hutoa kinyesi laini cha kahawia, kinachonata na kunuka sana. Hicho hutoka kwenye vifuko viwili vya utumbo na si kuhara, ingawa kimewafanya wengi kununua dawa bure. Kuku aliyeshiba sukuma wiki naye atatoa kijani.

Damu ni jambo jingine. Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 wakitoa kinyesi chenye damu, wakajikunyata na manyoya kusimama, mshuku koksidiosisi. Vimelea vyake hukomaa kwenye maranda yenye unyevu, ndiyo maana msimu wa mvua huleta hasara. Ugonjwa huu una dawa, kwa mfano amproliamu inayotiwa kwenye maji, lakini haifai kungoja hadi Jumamosi. Maranda yaliyolowa yaondolewe siku hiyo hiyo, hasa kuzunguka vyombo vya maji, la sivyo vifaranga wataambukizwa tena.

Kijani kibichi chenye majimaji, pamoja na kuhema kwa shida, shingo kupinda au miguu kupooza, huelekeza kwenye kideri. Hapa dukani hakuna tiba. Kideri husababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kinga ni chanjo, inayorudiwa kila baada ya miezi 3 hivi kwa kuku wa kienyeji. Majirani wakichanja siku moja hugawana chupa, kwa kuwa chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa boma moja.

Kuhara kweupe kwa majimaji kwa vifaranga kunaweza kuwa Gumboro, nayo ni ya virusi. Kwa vifaranga wachanga zaidi, kinyesi cheupe kilichoganda kwenye tundu la nyuma huweza kuwa cha bakteria. Manjano yenye ukijani kwa kuku wakubwa, na upanga uliopauka, huenda ni homa ya matumbo ya kuku.

Rangi peke yake haitoshi, maana magonjwa mawili huweza kutoa kinyesi kinachofanana. Mfugaji aandike umri wa kuku, chanjo walizopata, idadi ya waliokufa na tarehe dalili zilipoanza, kisha amwite afisa wa mifugo wa wadi. Kinyesi kibichi kitiwe kwenye chombo safi kinachofunga na kufikishwa siku hiyo hiyo katika maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo mjini Eldoret. Kuku aliyekufa punde huwafaa wataalamu hata zaidi. Sampuli ichukuliwe kabla ya kutoa dawa yoyote.

Wagonjwa watengwe, wasipelekwe sokoni. Mizoga izikwe kwenye shimo refu au ichomwe, isitupwe Mto Moiben wala kupewa mbwa. Dawa ikitumika, mayai na nyama visiliwe hadi muda ulioandikwa kwenye pakiti uishe. Anayeshika kinyesi aoshe mikono kwa sabuni, watoto wakiwemo.