Kurudisha Utambulisho wa Kompyuta Baada ya Matengenezo

Kompyuta mpakato iliyobadilishwa ubao mama, yaani ubao mkuu wa saketi zake, huweza kuwaka vizuri na hata hivyo ikawa haina jina. Kila inapowashwa, skrini hutoa onyo kwamba namba ya mashine si sahihi. Katika makala haya tutaeleza mahali utambulisho wa kompyuta unapohifadhiwa, sababu za kupotea kwake, na namna ya kuurudisha.

1. Utambulisho huhifadhiwa wapi?

Juu ya ubao mama kuna chipu ndogo, aghalabu ya miguu minane. Ndani yake mna bayosi, yaani programu ambayo hutangulia kufanya kazi mashine inapowashwa. Chipu hiyo ni ya kumbukumbu aina ya flashi, ambayo ilivumbuliwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani na kutangazwa mwaka 1984. Kumbukumbu hiyo haipotei umeme unapokatika, lakini huweza kufutwa na kuandikwa upya. Chipu ya megabiti 128 huhifadhi baiti 16,777,216.

Baiti chache kati ya hizo ndizo zenye utambulisho. Zilizo muhimu ni:

(a) jina la mtengenezaji na la modeli;
(b) namba ya mfululizo, ileile iliyochapishwa kwenye kibandiko cha mashine;
(c) namba ya kipekee ya biti 128, iitwayo UUID;
(d) mara nyingi, anwani ya MAC ya kadi ya mtandao, yenye biti 48.

Mashine nyingi zilizouzwa pamoja na Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012 huhifadhi humo pia namba ya leseni.

Tuchukue mfano wa kitabu cha kiada. Nakala zote ni sawa kwa maandishi. Kinachozitofautisha ni jina la mwanafunzi lililoandikwa kwenye jalada. Bayosi ni maandishi ya kitabu, na utambulisho ni lile jina.

2. Hupotea kwa sababu gani?

Ubao mpya wa akiba kwa kawaida hutoka kiwandani bila namba. Aidha, bayosi ikiharibika, fundi huweza kuandika katika chipu nakala kamili iliyotolewa katika mashine nyingine ya modeli hiyohiyo. Mashine itawaka, lakini itakuwa imechukua jina la mwenziwe. Kompyuta mbili zenye anwani moja ya MAC zikiunganishwa katika mtandao mmoja wa shule, swichi ya mtandao haiwezi kuzitofautisha. Habari za moja hupelekwa kwa nyingine, na mawasiliano ya zote mbili hukatikakatika.

3. Namna ya kuurudisha

Kanuni ya kwanza ni kusoma kabla ya kuandika. Fundi huondoa betri, huhakikisha volti ya chipu (nyingi hutumia volti 3.3, nyingine 1.8), kisha huisoma mara mbili. Nakala mbili zikilingana baiti kwa baiti, huhifadhi moja bila kuigusa. Kisha huchukua bayosi nzima ya modeli hiyo, na kuhamishia humo sehemu ya utambulisho iliyotoka katika nakala ya awali. Ikiwa chipu ya awali haisomeki, namba ya mfululizo hupatikana kwenye kibandiko au hati ya ununuzi, na huandikwa kwa programu maalumu ya mtengenezaji.

Kuhamisha baiti peke yake hakutoshi. Katika kompyuta nyingi zenye kadi ya mtandao wa waya ya Intel, sehemu yenye anwani ya MAC huanza na vipande 64 vya biti 16 kila kimoja. Kipande cha mwisho huchaguliwa ili jumla ya vyote, ikichukuliwa kwa biti 16 tu, iwe BABA katika kizio cha kumi na sita, yaani 47,802. Anwani ikibadilishwa bila kurekebisha kipande hicho, jumla haitimii, na kadi huweza kukataliwa na programu inayoiendesha.

4. Mipaka ya kazi hii

Kurudisha namba hakurudishi kila kitu. Diski iliyofungwa kwa BitLocker hutegemea ufunguo uliohifadhiwa katika sehemu ya usalama ya ubao wa zamani. Ubao ukibadilishwa, mwenye mashine atatakiwa kutoa namba ya urejeshaji yenye tarakimu 48. Namba hiyo itafutwe kabla ya matengenezo kuanza.

Zaidi ya hayo, ujuzi uleule unaorudisha jina la kweli huweza kuandika jina la uongo na kuficha mashine iliyoibwa. Kwa hiyo fundi mwaminifu huandika namba moja tu: ile ambayo mashine ilikuwa nayo ilipotoka kiwandani.

Mazoezi

1. Hakikisha kwamba BABA katika kizio cha kumi na sita ni 47,802 katika kizio cha kumi.
2. Jumla ya vipande 63 vya kwanza ni 20,240. Kipande cha 64 kiwe ngapi? (Jibu: 27,562.)
3. Biti 24 za mwisho za anwani ya MAC hupangwa na mtengenezaji mwenyewe. Zinatosha kutoa anwani ngapi tofauti?