OMBWE HALIVUTI: BOMBA LILILOPASUKA KATIKA INJINI YENYE TABO
Gari la dizeli litokalo Mikumi kwenda Kilosa likipungukiwa nguvu na kutoa moshi mweusi, aghalabu tabo ndiyo hulaumiwa. Yafaa kwanza lichunguzwe bomba jembamba la mpira.

Katika injini nyingi za aina hii, pampu huondoa hewa upande mmoja wa kiwambo. Hewa ya nje, ambayo kanieneo yake hapo Kilosa ni takriban kilopaskali 95, hukisukuma kiwambo, nacho hugeuza vibawa vya tabo. Ombwe lenyewe halivuti kitu. Bomba likipasuka, kanieneo ya pande mbili hulingana na kiwambo hakisogei. Hewa ya kuunguzia mafuta hupungua. Ndiyo asili ya moshi.

Injini ikiwa imezimwa, pampu ya mkono yenye geji huunganishwa na kiwambo. Fimbo ya kiwambo ikisogea na geji ikatulia, kiwambo ni kizima; ndipo bomba lipimwe. Geji ikirudi sifuri, kiwambo kimetoboka.

Mara nyingi pampu hiyo hiyo ya injini husaidia breki. Kwa hiyo mpasuko mdogo waweza kuifanya pedali kuwa ngumu mteremkoni, penye hatari kubwa zaidi.