Mwenye Maradhi ya Akili Ana Haki Gani Juu Yetu?

 

Ndugu zetu, somo letu la leo latugusa majumbani. Hapa kwetu, tangu Diani hata Msambweni, mtu akishikwa na maradhi ya akili, neno la kwanza huwa: "Ana shetani huyo." Hapo hutafutwa mganga wa kupunga pepo. Mali ikisha, na mgonjwa angali vile vile, wako wamfungao mnyororo chumba cha uani ili asitoke. Jee, dini yetu yasema nini juu ya haya?

Kwanza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu imeondolewa juu ya mwenye wazimu mpaka apate akili. Basi ambaye Mola wake hamuandikii dhambi, sisi twamfunga kwa kosa gani? Na katika Suratin-Nisaa, aya ya 5, tumekatazwa kuwakabidhi mali walio pungufu wa akili, lakini tumeamrishwa tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao kwa wema. Mnyororo si chakula, wala si nguo, wala si neno jema.

Pili. Mtume ametuamrisha tujitibu, na akatujulisha kuwa kila ugonjwa una dawa yake. Waislamu wa zamani walilifahamu hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Kairo, iliyomalizika kujengwa mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Basi adhaniye kuwa kwenda kwa daktari ni uchache wa imani, hajui habari za dini yake.

Wala sisemi haya kwa kujitoa lawamani. Zamani niliitwa kumsomea kijana asiyelala wala kula. Nikamsomea Qur'ani, nikampa kombe, kisha nikawaambia wazee wake waviweke kando vidonge vya hospitali. Haukupita mwezi akakimbilia mwituni, akaonekana siku ya tatu yu hoi. Kosa halikuwa la Qur'ani. Kosa lilikuwa langu mimi, niliyekataza nisilolijua.

Tatu. Mgonjwa ana haki juu ya hospitali pia. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya afya. Serikali imeweka Sera ya Afya ya Akili ya 2015 hata 2030; na sheria ya afya ya akili ya 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, ikabainisha haki za mgonjwa na wajibu wa serikali za kaunti. Basi yafaa tudai, kwa adabu, mambo haya: mgonjwa aulizwe kwa lugha aijuayo, kwani bibi wa Kidigo hawezi kuueleza uchungu wa moyo wake kwa Kiingereza, mwanamke apatiwe mhudumu mwanamke iwezekanapo, asaliye apewe nafasi ya kusali, na daktari aulize habari ya Ramadhani, kwani wako waachao dawa kwa ajili ya saumu wasiseme, na hali mgonjwa ana ruhusa ya kula. Daktari amchekaye mgonjwa kwa kutaja shetani humfukuza. Amsikilizaye kwanza, ataweza kumtibu.

Hili lawezekana. Katika kaunti ya Makueni, waganga wa jadi na waombeaji wa dini walikutanishwa na wahudumu wa afya, wakafundishwa kuzitambua dalili na kuwapeleka wagonjwa hospitali. Sisi wa Kwale tushindwe na nini?

Basi, enyi maimamu na walimu wa vyuo, mkiletewa mtu asiyelala siku nyingi, au asikiaye sauti wasizozisikia wenziwe, au atajaye kujiua, msomeeni na mumuombee, na siku ile ile apelekwe hospitali. Asomaye asikatize dawa, na atibuye asizuie dua. Na mwenye jamaa aliyefungwa mnyororo asione haya. Na atujie msikitini, tutafuatana naye hata kwa daktari.

Wabillahi tawfiq.