Neema Iliyojengwa juu ya Deni



Katika somo letu la leo twataka kuzingatia khabari ya Marekani, jinsi nchi ile ilivyotoka katika utajiri mkubwa ikaingia katika dhiki kwa muda wa miaka michache. Hatuielezi kwa kufurahia misiba ya watu, bali mwenye akili hujifunza kwa yaliyowapata wengine kabla hayajampata yeye.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza biashara ya Marekani ilistawi mno. Motokaa za watu, zilizokuwa kiasi cha milioni 8 mwaka 1920, zilifika kiasi cha milioni 23 mwaka 1929. Lakini nyingi katika hizo zilinunuliwa kwa deni la kulipwa kidogo kidogo. Hisa za makampuni nazo zilikuwa hivyo hivyo. Wako walioweza kutoa dola 10, wakakopeshwa na dalali dola 90, wakanunua hisa za dola 100. Bei ikipanda hata 110, mtu amepata faida sawa na mali yote aliyoitoa, mbali na riba ya mkopo. Ikishuka hata 90, mali yake yote imekwenda, na deni lingali shingoni. Watu waliitazama hisabu ya kwanza, wakaghafilika na ya pili.

Tarehe 29 Oktoba 1929, katika soko la New York, ziliuzwa hisa zipatazo milioni 16 kwa siku moja. Kipimo cha bei za hisa kiitwacho Dow Jones, kilichofika 381 mwezi wa Septemba mwaka ule, kilishuka hata 41 Julai 1932.

Huenda msomaji akauliza: Mkulima au fundi ambaye hakununua hata hisa moja, yeye alipatwaje? Jawabu ni kuwa mali za watu zilikuwa zimefungamana. Benki zilipokea akiba za watu wadogo zikawakopesha wengine. Wakopaji waliposhindwa kulipa, wenye akiba waliingiwa na khofu, wakazikimbilia benki kwa pamoja kutaka fedha zao. Na hapana benki iwekayo fedha zote sandukuni. Benki kiasi cha 9,000 zilianguka baina ya 1930 na 1933. Aliyepoteza akiba hanunui. Kiwanda kisichouza hupunguza wafanyakazi. Na aliyeachishwa kazi naye hanunui. Mwaka 1933 karibu mtu mmoja katika kila wanne wenye kutafuta riziki hakuwa na kazi. Watu walisimama safu mijini wakingojea mkate na supu ya sadaka, na hali wakulima walikuwa na ngano isiyopata bei. Chakula kilikuwako, kilichokosekana ni fedha za kukinunulia.

Rais Franklin Roosevelt aliposhika madaraka Machi 1933, alizifunga benki zote kwa siku chache ili zichunguzwe, na mwaka ule ule ikapitishwa sheria ya kudhamini akiba za watu. Dawa hiyo ilifaa, lakini wengi walikuwa wamekwisha poteza chumo la umri wao.

Basi tusihukumu utajiri wa mtu, wala wa mji, kwa wingi wa vitu vinavyoonekana, mpaka tujue vimelipiwa kwa mali ya nani. Mwenye kukopa kwa dharura ya ugonjwa si sawa na mwenye kukopa kwa tamaa ya kuwa bei itapanda. Na kila mmoja wetu, kabla hajatia sahihi karatasi ya deni, na ajiulize: Bei ikishuka, nitalipa kwa kitu gani, na ni nani mwengine atakayeumia pamoja nami?