Usilifunge Bega: Somo kwa Wamama

Siku ya kilo tunapima watoto. Leo tusikilize kidogo mwili wa mama mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Mashamba, kule Kolwezi. Ana miaka 48. Kila siku anabeba bido ya maji ya lita 20, ni kusema kilo 20, kwa mkono ule ule wa kuume. Tena anatwanga sombe na kufua nguo. Siku moja bega linaanza kumuuma, zaidi usiku. Anafunga mkono na kitambaa shingoni, anasema: "Nitaipumzisha mpaka itapona." Miezi mitatu inapita. Maumivu yanapungua, lakini mkono haunyanyuki tena. Hawezi kuchana nywele wala kubeba mjukuu mgongoni. Anauliza: "Munganga, miye nilikosa wapi?"

Alikosa pale alipolifunga. Bega linageuka kupita viungo vyote vya mwili. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, shimo lake ni dogo. Misuli na mfuko mwembamba ndivyo vinavyokishika. Mkono ukikaa wiki nyingi bila kutembea, mfuko ule unakaza. Mwaka 1934 Daktari Ernest Codman wa Boston, Marekani, aliuita ugonjwa huu bega lililoganda. Pengine unaanza bila sababu ya kuonekana. Unashika zaidi watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake kupita wanaume, na wenye ugonjwa wa sukari. Kwa hiyo mwenye bega hili aombe kupimwa sukari.

Kinesiterapia inasaidia namna gani?

Ni matibabu kwa njia ya mazoezi. Mwenye kazi hiyo anatazama kwanza mkono unafika wapi, kisha anakufundisha. Havuti kwa nguvu. Akiisha kukupima, mazoezi haya utayafanya nyumbani:

1. Inama, shika meza kwa mkono mzima. Acha mkono mgonjwa uning'inie, uutikise polepole mbele na nyuma, kisha kwa duara.

2. Simama mbele ya ukuta. Vidole vipande ukutani kama mdudu anayetembea. Pale vinapofika, weka alama ya makala. Kila juma utazame kama alama inapanda.

3. Lala chali, shika fimbo kwa mikono miwili. Mkono mzima uinue mwenzake kuelekea kichwani.

Kila zoezi mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kwanza weka juu ya bega kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 10. Kuuma kidogo wakati wa kunyoosha si kitu. Kama kunauma mpaka usiku, punguza, lakini usiache. Kupona kunaweza kuchukua mwaka mmoja mpaka mitatu. Uvumilivu ni sehemu ya dawa.

Bido moja ya lita 20 igawe kuwa mbili za lita 10, moja kila mkono. Ukinyonyesha, weka nguo iliyokunjwa chini ya mtoto, mabega yasichoke.

Usingoje kesho, kwenda hospitali leo:

– Umeanguka na bega limegeuka umbo. Hapa tu mkono ufungwe mpaka kufika kwa munganga. Mtu asijaribu kulirudisha.

– Bega limevimba, lina moto, na una homa.

– Kifua kinabana, maumivu yanashuka mkononi, pumzi ni fupi.

– Hedhi imekosa, tumbo la chini linauma, unasikia kizunguzungu, na ncha ya bega inauma. Pengine mimba imeshika nje ya kizazi na damu inamwagika ndani. Mama anaweza kufa kwa saa chache.

– Mtoto mchanga hanyanyui mkono mmoja. Usimvute, usimkande kwa nguvu. Mlete upesi, maana mazoezi yakianza mapema, kiungo hakikazi.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Mama wa mfano wetu alikosa wapi?
2. Onyesha jirani yako zoezi la ukuta.
3. Ni maumivu gani ya bega yasiyongoja kesho?